Wateja wa Saa Nane Usiku

Bibi yangu, mzaliwa wa Seme, alizijua aina zote za wafu:
wa kwenye moshi, wa kwenye kisulisuli cha adhuhuri,
na yule akaaye nyuma ya ghala akidai mtoto apewe jina lake.
Wa barafu hakumtaja.
Angemtoa wapi? Kwetu maji hayageuki jiwe
ila siku ya mvua ya mawe, nayo tuliiokota tukaila.

Hawa wa barafu tumewaunda wenyewe, kwa waya na injini.

Mimi ni bawabu wa kiwanda cha barafu, Kisumu,
upande wa reli, pale harufu ya mbuta haihami hata Jumapili.
Usiku ule stima ilipotea, Kondele hadi ufukweni giza moja.
Jenereta yetu ikakohoa, ikashika.
Ya hospitali, nilikuja kujua, haikushika.

Saa nane wakaja.
Saba. Peku. Hawakubisha; walisimama tu
hadi lango likaota umande, kisha sindano nyeupe
zikapanda kwenye kufuli kama mchwa.
Kila mmoja na karatasi yake kwenye kidole gumba cha mguu.
Walipopumua... hapana, hawakupumua.
Ni mimi niliyetoa mvuke mdomoni, Kisumu, mwezi wa pili!

Nilikuwa na rungu. Nilikuwa na filimbi.
Nikauliza nililozoea kuuliza:
"Mnataka ya kilo ngapi?"

"Tunayeyuka," akasema kijana mwenye shuka la kijani,
"tunayeyuka, na bado hatujazikwa."
Sauti yake ilipasuka katikati, gilasi iliyotiwa chai ya moto.
Akaeleza bila haraka ya walio hai:
yeye miezi minne, yule pale tisa,
bili inapanda kila kukicha, jamaa wanafanya harambee,
harambee inalipa hema na viti,
na maiti anakaa rafu ya tatu, rehani,
kama cherehani ya mjane.
Wa rehani haozi. Haendi kwa mababu.
Anajifunza baridi tu, neno kwa neno,
mpaka anaiongea.

Nikafungua. Nikakata kwa msumeno,
nikawapakia mabegani, kwapani, kifuani.
Waliinamisha vichwa kushukuru, na shingo zao zikalia
kama mlango wa kanisa lisilo na watu.

Wa mwisho alikuwa Apondi.
Apondi wa ngege, wa meza ya pembeni kule Dunga,
aliyenikopa bonge kila alfajiri: "Nikiuza, nitarudi."
Sikujua amekufa. Nilidhani amenikimbia,
na nilikuwa nimemsema mbele za watu.

"Leta daftari."
Kidole chake kikagusa mstari wake;
wino ukaganda, ukainuka kama gamba la samaki, ukaanguka.
Shilingi mia mbili na arobaini.
"Sijalipa," akasema. "Nimelibandua tu. Ukitaka, liandike tena.
Lile la kule, hata likibanduka, wana nakala kwenye kompyuta."
Akacheka. Jino likadondoka,
likalia kengele ndogo juu ya saruji.

Stima ilirudi saa kumi na ushee.
Wakageuka pamoja, wote saba,
wameitwa na mngurumo ambao mimi sikuusikia.
Hakuna aliyetoroka. Hilo ndilo linanikosesha usingizi:
barabara ya kwao ilikuwa wazi, mwezi upo,
nao wakarudi kwenye rafu,
maana mtu hajipeleki mwenyewe kuzikwa.

Asubuhi msimamizi akauliza habari ya maji sakafuni
na barafu iliyopungua. Nikasema, wateja.
"Walilipa?"
Nikautazama ule mstari mweupe.

Mwisho wa mwezi nilipeleka mia mbili na arobaini
kwenye dirisha la hospitali, kwa jina la Apondi.
Karani akahesabu mara mbili, akagonga muhuri.
Imebaki laki mbili na kitu.
Risiti ninayo mfukoni, karibu na paja.
Hadi leo haijapata joto.